Juu ya mti, kuteleza ndiko kuanguka

Nilianguka mita 4 tu. Nasema "tu" kwa sababu nilikuwa nimeshakwea miti ya mita 25 na kushuka mzima, nikaamini kwamba hatari inakaa kule juu. Siku hiyo kazi ya kukata matawi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nashuka, na kamba ndefu nilikwisha kuivua kwa kuwa niliona zimebaki hatua chache. Nikafika kwenye kigutu cha tawi lililokatwa zamani. Nikafungua kamba fupi ya kiunoni ili niipitishe chini yake, mkono mmoja ukiwa umekishika kigutu chenyewe. Ndani kilikuwa kimeoza. Kutoka mita 4 mwili unafika ardhini kabla sekunde 1 haijaisha, kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa hivi. Hupati muda wa kujipanga, wala wa kupiga kelele. Nilivunjika mbavu 2 na kifundo cha mkono.

Walioniokota waliniambia ajali haina kinga. Niliitikia, maana mtu mwenye maumivu huitikia lolote. Lakini wiki zile za kulala chali nilianza kuhesabu. Mwezi uleule nilikuwa nimeteleza mara 3 nikifanya jambo lilelile: kufungua kamba moja kabla sijafunga nyingine. Mara zote 3 mkono uliniokoa, nikacheka, nikaendelea na kazi. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na kwa anayetembea ardhini walisema kweli. Kwa mkwezi mimi siwafuati. Zile mara 3 zilikuwa ni kuanguka kulekule, ila ardhi ilichelewa kunipokea.

Kwa hiyo wewe unayeanza, jambo la kwanza la kujifunza ni kuhama. Ukimtazama mkwezi siku nzima utaona sehemu kubwa ya muda amekaa mahali pamoja, amefungwa vizuri, anakata. Pale hana shida. Shida iko kwenye zile sekunde chache anapovuka tawi, anapobadilisha panda (pale shina au matawi yanapogawanyika), anapohamisha kamba kutoka juu ya kigutu kwenda chini yake. Funga, ndipo ufungue. Usibadilishe mpangilio huo hata kama umebakiza hatua 2 kufika chini, na hasa ukiwa umebakiza hatua 2.

Karabina nayo, ile pete ya kuungia kamba yenye lango linalojifunga, usiiamini kwa mlio wake. Sikia ikijifunga, iangalie kwa macho, kisha ivute. Kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti kinatosha kulizuia lango lisifunge, na ukiwa na majani usoni hutakiona. Karabina nzuri hubeba mzigo mkubwa ajabu ikivutwa kwa urefu wake, lakini ikilala kikingama, au lango likibaki wazi, nguvu hiyo hupungua vibaya. Mimi husema kwa sauti, "Nimefunga." Nilichekwa sana nilipoanza tabia hiyo. Sasa naisikia midomoni mwa walewale walionicheka.

Tuje kwenye mti wenyewe, tena tukiwa bado chini. Wageni wengi hufika, wakatazama juu, wakachagua njia ya kupanda. Tazama kwanza shina linapoingia ardhini. Uyoga ukiota pale, mara nyingi maana yake mizizi au moyo wa mti unaoza, hata kama majani ni ya kijani na yanang'aa. Udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja unakuambia kwamba mti umeanza kuegemea. Zunguka shina lote ukiligonga kwa nyuma ya shoka au nyundo. Mlio mtupu kama wa ngoma si habari njema. Panda iliyobana kama herufi V, gome likiwa limemezwa katikati, ni dhaifu kuliko ile iliyotanuka kama herufi U. Usitundike kamba yako hapo. Kisha tafuta matawi yaliyokwisha kuvunjika yakanasa juu ya mengine. Hayo hayana ratiba. Yanaweza kukaa miaka, na yanaweza kushuka kwa sababu wewe umeutikisa mti.

Miti nayo haifanani. Mkaratusi unaweza kuangusha tawi zima siku tulivu, bila upepo. Tawi la mparachichi huvunjika ghafla bila kulia kwanza, na mtu aliyezoea miti inayotoa onyo hudanganyika. Mti uliokufa zamani mimi siukwei kabisa. Kama hauwezi kuangushwa kutoka chini, itafutwe mashine yenye kikapu, au kazi ikataliwe. Nimepoteza wateja kwa msimamo huo. Nyuki na nyigu pia watafute ukiwa bado chini, kwa sababu aliyefungwa kwenye shina hana pa kukimbilia.

Nyaya za umeme nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa hazina mjadala. Bila mafunzo maalumu, kaa mbali nazo angalau mita 3, wewe, msumeno wako na tawi unalokata, na kwa nyaya kubwa za kusafirisha umeme mbali zaidi ya hapo. Huhitaji kuugusa waya ili ukuue, maana umeme mkubwa unaruka, na tawi bichi linaupitisha. Ikiwa kazi iko karibu zaidi, umeme ukatwe na wenye mamlaka nao.

Ukisharusha kamba na kuitundika, usipande bado. Ning'inieni watu 2 kwa pamoja, mruke kidogo, msikilize. Tawi likivunjika likiwa limebeba watu 2 walio sentimita 20 kutoka ardhini, mtacheka. Mimi hupenda panda iliyo hai na nene, isiyopungua sentimita 10, na huitundika kamba karibu kabisa na shina. Halafu, ukiwa juu, usiache kamba ilegee. Kamba ya mkwezi hainyumbuki kama ile ya wapanda milima inayotengenezwa ili imdake mtu anayeanguka. Ukianguka mita 1 tu kwenye kamba iliyolegea, mshtuko wote unaishia kwenye kiuno na uti wa mgongo. Na ukitembea mbali kwenye tawi huku kamba yako imetundikwa kando, kumbuka kwamba ukiteleza hutaning'inia pale ulipo. Utabembea mpaka kwenye shina, nalo halisogei.

Sasa msumeno. Tukio lililonitisha kuliko lile la kuanguka halikuniacha na mkwaruzo hata mmoja. Nilikuwa nakata tawi usawa wa kifua kwa msumeno wa mnyororo. Kamba yangu fupi ilikuwa imezunguka shina, ikapita nyuma ya tawi nisipopaona. Msumeno ulipomaliza tawi, ncha yake ilisogea kidogo mbele. Sikusikia chochote. Niliona nyuzi nyeupe zimechanua kama ua. Karibu nusu ya kamba ilikuwa imekatika, nami nilikuwa nimeiegemea kwa uzito wangu wote. Siku hiyo nilikuwa nimefungwa pia kwa kamba ndefu, ndiyo maana ninyi mnasoma haya kutoka kwangu.

Tangu hapo siwashi msumeno mpaka macho yangu yameziona kamba zote 2, mwanzo mpaka mwisho. Kukumbuka zilipo hakutoshi. Na msumeno ukiwashwa, kamba ziwe 2, kila moja na mahali pake. Wapo watakaokwambia ununue kamba fupi yenye waya wa chuma ndani. Nunua, inasaidia, lakini waya huo huchelewesha tu, mnyororo unaokwenda kasi huukata. Shika msumeno kwa mikono 2, vidole gumba vimezunguka vishikio. Ule ubapa ambao mnyororo unauzunguka una sehemu mbaya, nayo ni robo ya juu ya ncha. Ikigusa mti, msumeno hurushwa juu kuelekea usoni kwa kasi ambayo mkono mmoja hauwezi kuizuia. Usikate juu ya mabega. Kwa matawi madogo, msumeno wa mkono wenye makali mazuri unatosha, na kwa anayeanza ningependa miezi ya kwanza asishike mwingine wowote akiwa juu.

Ngazi. Kila mtu anadhani anaijua. Ukiiegemeza kwenye tawi, kisha ukakata sehemu ya mbele ya tawi hilohilo, tawi lililopunguziwa mzigo huinuka. Ngazi hubaki imeegemea hewa. Nimeona hilo likitokea mbele yangu, na aliyekuwa juu yake alikuwa fundi mzoefu.

Kuna familia ya miti ambayo mgeni huiona rahisi kwa sababu haina matawi: minazi, mitende na jamaa zake. Baadhi ya miti ya mapambo ya familia hiyo huacha majani makavu yaning'inie kulizunguka shina kama sketi nene, miaka kwa miaka. Usipande ukapita chini ya sketi hiyo ukiikata kutoka chini kwenda juu. Inaweza kuporomoka yote kwa mkupuo, ikakulalia wewe uliyefungwa kwenye shina, ikakuminya kifua usiweze kupumua. Watu wamekufa hivyo bila kuanguka hata hatua moja. Majani hayo huondolewa kutoka juu, na anayeyaondoa akae juu yake.

Kushuka nako kuna wafu wake. Wanaosema "kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma" waliujua mwili wa binadamu: mikono imechoka, akili imeshafika nyumbani. Piga fundo kwenye ncha ya mwisho ya kamba yako, kila siku, hata kama unaiona imelala chini. Siku moja itakuwa fupi kuliko ulivyodhani, na bila fundo utapita mwisho wake. Usishuke kwa kasi ili upendwe na watazamaji, kwani msuguano unayeyusha uso wa kamba, ukawa mgumu na wenye utelezi kama kioo. Na lile fundo la kujibana tunaloteremkia halina moyo wa kukuonea huruma. Fundo la prusik, linalobeba jina la Karl Prusik wa Austria aliyelieleza mwaka 1931, hubana kwa msuguano peke yake. Ukibadilisha kamba, unene ukawa tofauti kidogo, fundo lilelile ulilolizoea linaweza kuteleza. Lifunge, linyooshe mizunguko isipandane, likaze, kisha ning'inia nalo karibu na ardhi kabla hujaliamini juu.

Neno kwa mwenzako wa chini, maana wengi mtaanzia hapo. Kazi yako ya kwanza ni kamba za aliye juu. Kuokota matawi kunafuata. Mkwezi anayevutwa na kamba yake iliyonaswa kwenye tawi linaloanguka, au, kubaya zaidi, iliyoburutwa pamoja na matawi ikaingia kwenye mashine ya kusaga matawi, hana la kufanya. Mashine hiyo ikae mbali na mti, na kamba isilale kamwe kwenye njia ya kuburutia matawi. Juu wakisema "Chini!", jibu. Ukikaa kimya, asikate.

Tena, mmoja wa walio chini awe anajua kupanda na awe na vifaa vyake tayari. Mtu aliyezirai akining'inia kwenye mkanda anahesabiwa dakika, kwa sababu damu hubaki miguuni na hairudi moyoni kwa mzunguko wake wa kawaida. Kusubiri waokoaji peke yao ni kumsubirisha yeye. Kama hakuna wa kumfuata, basi hakuna wa kupanda. Na aliyeanguka chini asiinuliwe wala kukalishwa, isipokuwa pale alipo pana hatari nyingine. Alale kama alivyo, shingo isigeuzwe, msaada uitwe. Akijiinua mwenyewe na kusema yuko sawa, aende hospitali vilevile. Mimi nilitembea hatua 20 hivi kabla sijajua kwamba mbavu zimevunjika.

Jambo la mwisho ni lile ambalo hakuna aliyenifundisha: la kufanya baada ya kuteleza. Shuka. Si baada ya kumaliza tawi, sasa hivi. Kunywa maji, ngoja mikono iache kutetemeka, kisha simulia, siku hiyohiyo, mbele ya wote, pamoja na kipande kinachokuaibisha. Kiongozi wa kazi akikukaripia kwa kusimulia, tafuta kiongozi mwingine, kwa sababu wenzako wameshajifunza kwake kunyamaza.

Msimu uliopita kijana mmoja alishuka kabla ya wakati, uso umempauka. Akaniambia, "Kaka, sijateleza, lakini njoo uone hii." Lango la karabina yake lilikuwa limebaki wazi upana wa ukucha, kipande cha gome kimekaa katikati, naye alikuwa amefanyia kazi juu yake kwa muda asioujua. Tuliizungusha karabina hiyo mkono kwa mkono, watu 5. Mmoja wetu akaangalia ya kwake akiwa amekaa chini. Akaipuliza, kikadondoka kijiti.