Busta haizalishi intaneti

Swali: Habari za kazi, fundi. Nyumbani tuna faiba ya Mbps 20. Sebuleni iko safi, ila chumba cha nyuma video zinagandaganda. Fundi wa mtaani aliniuzia busta, nikaichomeka kulekule chumbani. Alama ya Wi-Fi imejaa, kasi hakuna. Ameniambia kila ikisumbua nibonyeze reseti, au nipandishe kifurushi. Nifanyeje?

Jibu: Kifurushi usikiguse kwanza. Unganisha laptopu na ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya laptopu, pima kasi. Ukipata 18 au 19, mtoa huduma katimiza lake, na hata ukilipia Mbps 100 chumba cha nyuma kitabaki vilevile.

Sasa hiyo busta. Watu wanaendelea kutoa hela zao wakiamini inaongeza intaneti, na wauzaji wanawaacha waamini hivyo. Haiongezi chochote. Inapokea mawimbi ya ruta na kuyarudia, basi. Umeichomeka mahali ambapo ruta yenyewe inasikika kwa shida, kwa hiyo inatangaza kwa sauti kubwa maneno iliyoyasikia nusunusu. Vile vijiti vilivyojaa kwenye simu vinapima simu na busta, havipimi busta na ruta. Tena busta nyingi za bei nafuu zina redio moja: inapokea, kisha inatuma, kwa zamu, kwenye chaneli ileile. Kasi hupungua karibu nusu hata ikikaa pazuri.

Itoe chumbani, iweke katikati ya njia, kwenye korido, mahali ambapo programu ya kupima Wi-Fi inasoma kama -65 dBm hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; ikikaribia sifuri ndiyo bora). Ikisoma -80, hapo si mahali pake. Ruta nayo itoke nyuma ya televisheni. Kuta za bloku na nguzo za zege zenye nondo hudhoofisha mawimbi, ya GHz 5 zaidi kuliko ya 2.4 (hayo ni masafa mawili ya Wi-Fi), kwa hiyo chumba cha mbali kitumie 2.4, chaneli 1, 6 au 11, ile isiyojaa majirani.

Dawa ya kudumu ni kebo ya mtandao, aina ya Cat 5e, isiyozidi mita 100, mpaka chumbani. Mwisho wake weka ruta yoyote ya zamani: ipe anwani 192.168.1.2 ikiwa ile kubwa ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN, si la WAN. DHCP ikiachwa wazi, ruta mbili zitagawa anwani na vifaa vitaanza kukatika bila mpangilio.

Reseti iache kabisa. Kuwasha upya ni kuzima swichi, kusubiri sekunde 30 na kuwasha. Reseti inafuta mipangilio, mara nyingi pamoja na jina na nywila ya kuingilia kwa mtoa huduma, na nywila ya Wi-Fi inarudi ile ya kwenye stika. Anayekushauri uibonyeze kila siku hajui inafanya nini. Na taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba (inayoonyesha mawimbi ya faiba yamekatika) ikiwa nyekundu, tatizo liko kwenye faiba. Piga simu kwa mtoa huduma, usimlipe mtu wa kubonyeza vitufe.

Fundi akikuletea kebo, kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie.