Dawa ya kokeini "imepita usalama", ninunulie kakangu?

SWALI: Habari dokta. Kakangu amekuwa kwa kokeini karibu miaka 3, amekonda mpaka suruali anafunga na kamba. Kuna jamaa mtaani anauza tembe kwa kikaratasi cha nailoni, hazina jina, ati ni dawa mpya inajaribiwa majuu na imeshapita usalama. Anataka elfu 4. Nichukue?
Dada mtu, Kayole

JIBU: Pole sana dadangu. Usinunue.

Mpaka sasa Marekani kwenyewe FDA, ile mamlaka yao ya kuidhinisha dawa, haijaidhinisha dawa hata moja ya uraibu wa kokeini. Ile methadone watu wanapangia laini hospitali ya Mathari ni ya heroini, kwa kokeini haisaidii.

Sasa hiyo "imepita usalama". Majaribio yanaanza na watu wachache, mara nyingi 20 hadi 100, dozi inaanza chini inapandishwa pole pole, na pale wanaangalia kama dawa inaumiza, kuponya bado. Na ya kokeini ina shida yake, juu mtu anaweza kumeza tembe asubuhi na jioni avute tena, na kokeini peke yake inapandisha presha na kukimbiza moyo, sasa vikikutana je? Ndio watafiti huchukua watu ambao tayari wanatumia, wanawalaza wodini, wanawapa dawa ama tembe bandia isiyo na dawa ndani, ya kulinganisha, halafu kokeini yenyewe kwa mshipa, kipimo kinajulikana, waya za kupima moyo ziko kifuani, presha inachukuliwa kila baada ya dakika chache na daktari yuko hapo hapo. Kakako akimeza hizo za nailoni sebuleni, nani atampima presha?

Hata dawa zenye jina huumiza. Vigabatrin ni ya kifafa, ilijaribiwa kwa kokeini pia, na inaweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona pembeni, na haurudi.

Tena dawa ya majaribio haiuzwi mtaani. Hapa Kenya lazima Pharmacy and Poisons Board, bodi ya serikali ya dawa, ikubali, mshiriki aelezwe, asaini fomu, na akitaka kutoka anatoka siku yoyote.

Kinachosaidia sai ni ushauri nasaha, na ule mpango wa kumpa mtu zawadi ndogo kila mkojo ukipimwa utoke safi, huo umefanya kazi kweli kweli. Piga 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, waulize pa kuanzia.

Na kama ameshameza na kifua kinambana, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, ubebe na zile tembe zimebaki.