Mwaka wa Hispania: Uliza Nani Atakusahihisha Kabla Hujafunga Begi

Wazazi wa hapa Nairobi huniuliza swali moja kwa maneno tofauti tofauti: huo mwaka wa tatu ambao mtoto anayesomea Kihispania Uingereza anapelekwa Hispania, ni masomo au ni matembezi ya kulipiwa? Siwalaumu. Wameshaona picha za mtoto wa jirani, Oktoba yuko ufukweni Valencia, Novemba yuko kwenye kasri la Alhambra, na karo ya Uingereza imelipwa kwa pauni zilizonunuliwa kwa shilingi. Mimi nilisomea Kihispania Uingereza, mwaka huo nikaupitishia Andalucía, kusini mwa Hispania, na siku hizi ninafundisha lugha hiyo hapa mjini, kwa hiyo swali huishia kwangu. Huwajibu kwamba ni masomo na alama zipo, ila watoaji alama wako katika nchi mbili na kila mmoja anatafuta kitu chake. Mwanafunzi anapaswa kuwajua wote wawili kabla ya kusafiri.

Tuanze na mpangilio. Digrii ya Kihispania huko Uingereza kwa kawaida ni ya miaka minne, na wa tatu ndio wa nje. Unaweza kwenda kusoma katika chuo kikuu cha Hispania au cha Amerika ya Kusini, kuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza shuleni, au kufanya kazi katika kampuni au shirika. Namna ya kupima hutegemea njia uliyochagua, na zaidi ya hapo hutegemea chuo chako. Kuna chuo ambacho mwaka wote ni kupita au kuanguka tu, haugusi daraja la digrii. Kuna kingine ambacho alama zake huingia kwenye wastani wa mwisho kwa uzito mdogo. Marafiki wawili wanaosoma kozi yenye jina lilelile katika miji miwili ya Uingereza wanaweza kupanga nyumba moja Madrid, mmoja anakesha akitafuta alama, mwenzake anahitaji kupita tu.

Mwongozo wa mwaka wa nje ndio utakaokuambia uko upande gani. Usome ukurasa wa alama, na usichokielewa ukiulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Aliyesoma chuo kikuu Kenya hahitaji kuelezwa kwa nini. Kisa cha alama kupotea tunakijua: mtihani ulifanya, msimamizi alikuona, na kwenye tovuti ya chuo pako wazi. Ulaya nako hutokea. Kabla ya kuondoka Hispania pakua nakala ya alama zako, hakikisha kila somo limo, na ujue ni ofisi gani itakayoituma nakala rasmi kwa chuo chako.

Ukienda kusoma, utahesabiwa kwa krediti za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu uzito wa masomo. Mwaka kamili ni 60, muhula ni 30, na somo moja mara nyingi ni 6, yaani masomo kama matano kwa muhula. Uingereza huhesabu 120 kwa mwaka, hivyo krediti mbili za kwao ni moja ya ECTS. Si kila chuo kinakutaka ubebe zote 60. Vingine huridhika na chache, wakaongeza kazi yao wenyewe juu yake. Masomo uliyochagua huandikwa kwenye mkataba unaosainiwa na wewe, chuo chako na chuo cha wenyeji. Mwezi wa Septemba vipindi vitagongana na utabadilisha somo; basi na mkataba ubadilishwe, usainiwe upya. Somo lisilo kwenye mkataba unaweza kulipita vizuri na lisihesabiwe.

Kila somo lina hati inayoitwa guía docente, na kwa kawaida iko wazi kwenye tovuti ya chuo. Humo mmeandikwa mtihani wa mwisho una asilimia ngapi, mazoezi ngapi, mahudhurio ngapi. Isome kabla ya kuchagua, si baada. Angalia pia lugha ya kufundishia. Barcelona somo linaweza kuwa kwa Kikatalani mwanzo hadi mwisho, na Valencia vilevile kwa lugha yao. Mtu aliyekwenda kunoa Kihispania anajikuta kwenye kiti cha nyuma akihesabu dakika.

Alama za Hispania ni 0 hadi 10. Ukipata 5 umepita. Kuanzia 7 ni notable, kuanzia 9 ni sobresaliente, na juu kabisa kuna matrícula de honor, ambayo haitolewi kwa zaidi ya asilimia 5 ya walioandikishwa katika somo. Mkenya akiona 7 moja kwa moja anaisoma 70, na 70 chuoni kwetu ni A, Uingereza ni daraja la kwanza. Usijipigie hesabu hiyo. Chuo chako kina jedwali la kubadilishia alama za nje, na jedwali hilo ndilo litakaloamua 7 yako ni ngapi. Liombe mapema.

Karatasi ya mtihani nayo ina mambo yake. Ule wa kuchagua majibu huitwa tipo test, na kwenye maelezo ya juu tafuta neno restan. Likiwepo, jibu la kosa linakupunguzia alama. Mara nyingi makosa matatu hula jibu moja sahihi. Sisi tuliopitia KCPE, mtihani wa darasa la nane, tulifunzwa kutoacha swali la kuchagua likiwa tupu: hujui, weka B, songa mbele. Pale, B hiyo unailipia.

Masomo mengine hupimwa muhula mzima: mahudhurio, mazoezi, wasilisho la kikundi. Kikundi cha wenyeji kwa huruma tu kitampa mgeni ukurasa wa utangulizi, useme jina la mada na ukae chini. Kataa kwa adabu, uombe sehemu yenye hoja, kwa maana mhadhiri hawezi kukupa alama kwa salamu. Ukianguka, kuna duru ya marudio, kwenye vyuo vingi Juni au Julai. Tiketi ya kurudi JKIA isinunuliwe kabla tarehe hizo hazijajulikana, hata kama bei ya Februari inavutia.

Kuna haki moja ambayo wageni wengi huiacha bure. Alama zikitoka kwa mara ya kwanza huwa ni za muda, na pamoja nazo hutangazwa siku ya revisión. Siku hiyo unaingia ofisini kwa mhadhiri, karatasi yako inawekwa mezani, na unaelezwa alama zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Nenda hata kama umepita. Niliwahi kumsindikiza Mjerumani tuliyekuwa tukiishi naye. Hoja zake zilikuwa sawa, lakini mhadhiri alikuwa amezungushia duara kila mahali mwenzangu alipoandika entonces, yaani "basi" au "kwa hiyo", na ukurasa mmoja ulijaa maduara. Alimwonyesha viunganishi vya kuandikia vinavyoweza kukaa pale, kimoja kimoja. Somo la uandishi la namna hiyo, mwanafunzi akiwa peke yake na mwalimu, huku Nairobi watu hulilipia kwa saa.

Makaratasi ya serikali sitayamaliza, lakini yanaingia kwenye alama kwa mlango wa nyuma. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza haimpi mwenye pasipoti ya Kenya ruhusa ya kuishi Hispania. Inahitajika viza ya masomo ya Hispania, na kwa ukaaji wa zaidi ya siku 180 hutakiwa pia cheti cha tabia njema. Chetu hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kukifuatilia wewe ukiwa Uingereza ni kazi ya mama au kaka aliyebaki nyumbani. Ukifika una mwezi mmoja wa kuomba kadi ya mkaazi. Viza ikichelewa, wiki za mwanzo zimepotea na mahudhurio nayo yamekwenda. Isitoshe, baadhi ya vyuo huweka muda wa chini ambao lazima ukae nje ndipo mwaka uhesabiwe.

Sasa msahihishaji wa pili, yule aliyebaki Uingereza. Kwa maoni yangu huyu ndiye mkubwa. Alama za Hispania akishazigeuza kwa jedwali, bado anataka kitu kutoka kwako: insha ndefu ya Kihispania, ripoti, au utafiti mdogo uliofanywa palepale ulipoishi. Kwa anayekwenda kuwa msaidizi wa mwalimu, kazi ya saa 12 hadi 16 kwa wiki ambayo haina mtihani wowote, uzito wa mwaka huweza kuangukia kazi hiyo peke yake. Naye ajue kwamba shuleni amewekwa aongee Kiingereza. Kihispania atakitafuta jioni.

Mada hupatikana barabarani kuliko maktabani. Wanafunzi huja kwangu na "uhamiaji Hispania", jambo ambalo unaweza kuliandika ukiwa Umoja Estate bila kupanda ndege. Mwalimu anayekusahihisha anajua hilo. Nenda Lavapiés, Madrid, mtaa ambao Wasenegali wengi wanaishi, na wachuuzi wengine hutandaza shuka chini, kamba zimefungwa kwenye pembe nne ili askari wa jiji wakitokea, wavute mara moja tu na bidhaa zote ziko begani. Aliyekulia Nairobi akimwangalia kanjo anakimbizana na wachuuzi ataona mara moja maswali ambayo mwenzake wa Manchester hayaoni: nani anakamatwa, bidhaa zinakwenda wapi, wachuuzi wanajiteteaje. Huko Hispania wachuuzi wameunda chama chao, Barcelona mwaka 2015. Hiyo ni mada. Ila ukitaka kuwahoji watu, pata kwanza kibali cha maadili ya utafiti kutoka chuoni kwako. Mahojiano yaliyotangulia kibali unaweza kuzuiwa kuyatumia.

Kisha kuna mtihani wa kuzungumza, ambao vyuo vingi huufanya ukisharudi. Hapa tuna bahati yetu. Irabu tano za Kiswahili ndizo hizo hizo za Kihispania, kwa hiyo matamshi yanayowatesa Waingereza sisi tunayapata karibu bure. Bahati hiyo pia hudanganya. Ukitamka vizuri watu hudhani unajua zaidi ya unavyojua, na mtahini hadanganyiki: anataka usikie swali, ushike msimamo, uutetee, ukikatizwa urudi kwenye hoja. Aliyeishi Andalucía ataongea kama watu wa kule, s za mwisho zimemezwa, na hakuna wa kumpunguzia alama kwa lafudhi. Atapunguziwa kwa kuongea na mtahini kama anavyoongea na kinyozi.

Hatari yenyewe ni likizo ya Julai hadi Septemba. Mwanafunzi yuko nyumbani, anaongea Sheng mtaani na Kiingereza kwenye simu, na Kihispania hakina pa kutokea. Wanafunzi wangu huwapa kazi moja: rekodi dakika tano ukieleza insha yako kwa Kihispania bila kusoma popote, mtumie mtu wa Hispania ambaye hajaiona, naye akurudishie maswali matatu ya sauti uyajibu hapo hapo. Mara nyingi ndani ya insha hiyo hiyo ndimo mtahini anamochota swali lake la kwanza.