Maswali ya Wasomaji: Jalada la Kesi Hutafutwa Wapi Texas?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, ninaishi Houston. Mwezi uliopita nilinyimwa kazi ya ghala kwa sababu ripoti ya uchunguzi ilionyesha kwamba niliwahi kukamatwa kwa wizi, nami sijakamatwa hata siku moja. Nikailipa tovuti ya kutafuta rekodi, ikaniletea orodha ya watu tunaofanana majina bila kueleza yupi ni yupi. Rekodi zenyewe ziko wapi, na nitajisafishaje? – Msomaji wa Houston

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Ulichouziwa na tovuti hiyo ni nakala ya nakala. Biashara za namna hiyo huchota taarifa kutoka kaunti mbalimbali, na mara nyingi hazirudi kuangalia kesi iliishaje.

Texas ina kaunti 254, na majalada ya kesi hubaki katika kaunti ilikofunguliwa kesi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la mtu, uliza kaunti na aina ya kosa. Jinai kubwa husikilizwa na mahakama ya wilaya, na jalada lake hutunzwa na Karani wa Mahakama ya Wilaya. Makosa madogo ambayo adhabu yake yaweza kuwa jela ya kaunti huwa kwa kawaida kwa Karani wa Kaunti, isipokuwa Kaunti ya Harris, uliko wewe, ambako ofisi ya Karani wa Mahakama ya Wilaya inahudumia pia mahakama za jinai za kaunti. Makosa ya faini tupu huishia kwa hakimu wa amani au katika mahakama ya mji.

Hata hivyo, usianzie kwa karani. Anzia kwenye ripoti iliyokunyima kazi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia kampuni za ripoti za watu inamtaka mwajiri akupe nakala ya ripoti kabla hajakukatalia kwa sababu yake, na ikiwa tayari umekataliwa, una siku 60 za kuidai bure kutoka kwa kampuni iliyoiandika. Ukiipata, tafuta namba ya kesi na jina la kaunti. Ukishakuwa na namba hiyo, karani atakuonyesha jalada lenyewe, na hapo utaweza kulinganisha mstari kwa mstari.

Katika kulinganisha, kuna mitego miwili inayowanasa watu wetu kuliko wengine. Wa kwanza ni jina. Mtu anayeitwa Juma Hassan Ali kwao, akifika Marekani huandikwa Ali kwanza, kisha Juma, na Hassan hubaki herufi moja au hupotea kabisa, na kwa hiyo watu watatu tofauti waweza kuonekana mmoja. Wa pili ni tarehe ya kuzaliwa. Marekani huanza na mwezi, hivyo 04/03 ni tarehe 3 Aprili, wala si 4 Machi. Isitoshe, wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, na kampuni inayolinganisha jina na tarehe pekee huwachanganya bila hata kushtuka. Tazama basi umbo la mshtakiwa, anwani yake ya wakati ule, na picha kama ipo.

Ukishaona kwamba mtu yule si wewe, omba nakala ya ukurasa husika yenye mhuri wa karani, uipeleke kwa kampuni ya ripoti pamoja na barua ya kupinga. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kuchunguza na kurekebisha. Kama unataka uthibitisho mzito zaidi, nenda ukachukuliwe alama za vidole ili Idara ya Usalama wa Umma ya Texas ikupe historia yako kamili. Mtu baki hawezi kuipata: katika hifadhidata ya jimbo, umma huonyeshwa waliotiwa hatiani na wale ambao hukumu yao iliahirishwa kwa masharti, basi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu barua yako imelitaja kwa neno «kukamatwa». Rekodi ya kukamatwa hutoka kwa polisi au sherifu, nayo husema tu kwamba mtu alishikwa kwa tuhuma fulani. Kilichotokea baadaye, iwe mashtaka yaliondolewa au mtu aliachiwa huru, kimo katika jalada la mahakama. Mimi huona ni dhuluma kusoma ya kwanza bila ya pili, ingawa waajiri hufanya hivyo kila siku. Taarifa za msingi za kukamatwa ziko wazi kwa umma chini ya Sheria ya Taarifa kwa Umma ya Texas. Andika ombi, wala ofisi haina ruhusa ya kukuuliza unazitakia nini. Ikitaka kukunyima sehemu yoyote, kwa kawaida ni lazima imwombe Mwanasheria Mkuu wa jimbo uamuzi ndani ya siku 10 za kazi. Mahakama zenyewe haziko chini ya sheria hiyo, kwa hiyo usimpelekee karani barua ya namna hiyo ukitarajia muda huohuo.

SWALI: Mchumba wa mdogo wangu anadai alishataliki mke wake mjini Dallas. Wazee wanataka uhakika kabla ya kupokea posa. Tufanyeje bila kumwaibisha? – Dada mkubwa, Fort Worth

JIBU: Dada yangu, hamtamwaibisha, kwa kuwa hukumu ya talaka kwa kawaida ni kumbukumbu ya wazi. Ofisi ya takwimu za vizazi na vifo ya jimbo ina orodha ya talaka tangu mwaka 1968, lakini itawapa barua ya kuthibitisha tu, si hukumu. Hukumu yenyewe, yenye sahihi ya hakimu, iko kwa Karani wa Mahakama ya Wilaya wa kaunti iliyotoa talaka. Soma tarehe ya sahihi hiyo kwa makini, kwani Texas kwa kawaida hairuhusu mtalaka kuoa mtu mwingine kabla siku 30 hazijapita. Na kwa maoni yangu, njia fupi kuliko zote ni kumwomba bwana harusi alete nakala yenye mhuri yeye mwenyewe. Aliyetaliki kweli hatapata tabu kuileta.

SWALI: Mtu anayetaka tufanye ubia anasema aliwahi kufungua kesi ya kufilisika. Nimeitafuta kwa karani wa kaunti, sikuona kitu. Je, ananidanganya? – Mfanyabiashara, Austin

JIBU: Huenda ulitafuta pasipo pake. Kufilisika ni kesi ya mahakama za shirikisho, na karani wa kaunti hana jalada lake. Fungua akaunti katika mfumo wa shirikisho uitwao PACER, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa na kwa nyaraka nyingi hauvuki dola 3 kwa hati moja. Gharama zako za robo mwaka zisipozidi dola 30, hulipi chochote.