Ramani ya kwanza ya hali ya hewa gazetini ni ya 1875, si 1861

Unasema ramani ya kwanza ya hali ya hewa gazetini ilitoka 1861? La, bwana, hapo umechanganya vitu viwili. Cha 1861 ni utabiri wa hali ya hewa kwa maneno tu, bila ramani: Robert FitzRoy, baharia wa Uingereza, ndiye aliyeanza kuutoa katika gazeti la The Times la London, mwezi wa Agosti. Ramani yenyewe ilitoka kwenye gazeti hilo hilo tarehe 1 Aprili 1875, kazi ya mwanasayansi Mwingereza Francis Galton. Na usidhani ilitabiri kitu! Ilionyesha hali ya jana yake, 31 Machi: mishale ya upepo, mistari ya nukta nukta ya kanieneo ya hewa, joto kwa tarakimu, na bahari kama ni shwari au imechafuka. Bila telegrafu isingewezekana, maana vipimo vya miji ya mbali vilipaswa kufika siku ile ile, kisha kibao cha kuchapia kichongwe upesi kabla habari haijachacha.

Ila kama unahesabu ramani yoyote iliyouzwa kwa umma, hata isiyo ya gazetini, basi rudi nyuma hadi 1851. Kwenye Maonyesho Makuu ya London ziliuzwa kila siku kwa peni moja.

Haya niliyapekua baada ya ubishi barazani hapa Lamu. Mzee mmoja nahodha alitucheka: yeye hesabu yake ni Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, na miongo ya siku kumi kumi, kaskazi na kusi anavijua bila gazeti.