Kitako cha bunduki ya marehemu baba kinanata, nipake mafuta gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Moshi, Pasua. Marehemu baba aliniachia shotgani, vibali nimeshabadilisha viko jina langu. Kitako ni mbao ya wolnati, kilikuwa kimefubaa kimekauka, jirani akaniambia paka mafuta ya alizeti. Kiling'aa kweli wiki moja, sasa hivi mwezi wa pili kinanata, vumbi limeganda na kinanuka kama kikaango. Mwingine ananiambia nipige vanishi juu yake niachane nayo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Vanishi usipige kabisa, juu ya mafuta mabichi haishiki, itabanduka kama gamba la nyoka. Shida ni kwamba mafuta ya kupikia hayakauki yakawa magumu, alizeti inafika nusu njia inabaki gundi. Ya mbegu za kitani, yale mafundi tunaita linsidi, yanavuta hewa na kugandia ndani ya mbao, ndo maana bunduki za zamani nyingi zilipakwa hayo. Dukani kuna mbichi na iliyochemshwa, chukua iliyochemshwa, hiyo imetiwa dawa ya kukausha na mara nyingi inakauka ndani ya siku moja hivi, mbichi unaweza kusubiri wiki kadhaa. Ukipata mafuta halisi ya tung, yanayokamuliwa mbegu za mti wa tung, nayo ni mazuri, yanazuia maji kuliko linsidi.

Kabla ya yote hakikisha haina risasi, angalia mara mbili, alafu tenganisha mbao na chuma. Chuma kibaki kimefungwa kwako, usimpelekee fundi seremala silaha nzima hata kama ni ndugu yako, kibali ni chako wewe sio chake. Kama kufungua hujui nenda kwa fundi bunduki mwenye leseni.

Sasa toa ile alizeti. Futa na tapentaini nje penye hewa mbali na moto, weka juani kidogo mafuta yapande juu, futa tena, rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Piga msasa namba 220 kisha 320 kufuata nyuzi, pale penye michoro ya kushikia usiguse na msasa utaifuta, tumia mswaki mkuukuu. Pitisha kitambaa chenye unyevu, mbao ikikauka vinyweleo vyake vitasimama, piga msasa mwepesi tena.

Kupaka ndo watu wengi wanaharibu, wanamwaga mengi wakidhani mbao itashiba haraka. Paka kidogo, sugua na kiganja mpaka usikie joto, subiri kama dakika kumi na tano, HALAFU FUTA YOTE yaliyobaki juu, yani kikavu ukigusa. Ukiacha utando juu utanata tena urudi kuniandikia. Kesho yake paka tena hivyo hivyo, mara tano sita, na Julai huku kwetu Arusha na huko Moshi kwa baridi ile ipe siku mbili tatu kati ya mkono na mkono, yani kati ya kupaka na kupaka. Ule upande wa nyuma chini ya raba la begani usisahau, pale nyuzi zimekatwa zinanyonya maji ya masika kuliko sehemu yoyote, pape mara nyingi zaidi.

Na nakusihi sana, matambara ya linsidi usiyafinyange ukayatupa pembeni. Yanapokauka yanatoa joto, yakirundikana yanawaka yenyewe bila kiberiti. Mimi niliwahi kuacha ndoo ya matambara karakana, nikarudi jioni nakuta moshi, na pembeni kulikuwa na thina. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yaloweke maji kwenye kopo la bati lenye mfuniko.

Ukimaliza, kabatini isimamishe mtutu ukiangalia chini, maana oili ya kusafishia chuma ikitiririka kwenye kitako kila siku inalainisha mbao inakuwa nyeusi, na hiyo hata mimi kuirudisha ni kazi.