Usiirushe hiyo tovuti kabla hujampa mama simu na pakiti ya ORS mkononi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba wewe na wauguzi wenzako mmetafsiri miongozo ya WHO na mihtasari ya Cochrane (shirika linalochambua tafiti za tiba) kuhusu kuhara kwa watoto, daktari ameshapitia, na mnataka kurusha tovuti mwisho wa mwezi. Umeuliza muweke PDF au kurasa za kawaida, jina gani la tovuti, rangi gani, na wasomaji mtawapataje. Kuhusu mama atakayesoma usiku mtoto akiwa mapajani hujauliza kitu. Nimeshindwa kupita kimya, maana njia hiyo naijua mpaka mashimo yake.

Mradi niliokuwamo ulianza vivyo hivyo. Tuliletewa mshauri, mtu wa slaidi nyingi, akatuhakikishia kwamba habari ikiwa sahihi na Kiswahili kikiwa sanifu, kazi imekwisha. Kila tulipouliza habari ya kuwajaribisha wasomaji, jibu lilikuwa lile lile: hiyo ni awamu ya pili. Fedha za awamu ya pili hazikuonekana. Yeye alilipwa, sisi tukabaki na ripoti za mibofyo. Mibofyo! Mtoto anayehara hanyweshwi mibofyo.

Ukurasa wetu kuhusu ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kumnywesha mtoto anayehara, ulisema: "Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama." Sentensi haina kosa. Kliniki tukawauliza akina mama kama wameelewa, wakajibu wote: ndiyo, tumeelewa. Sasa nani atamwambia muuguzi mwenye sare kwamba hajaelewa?

Mpaka siku mwenzetu mmoja alipokuja na pakiti zenyewe, maji ya kunywa na vyombo vya kila namna, akampa mama mmoja simu: "Dada, soma hapa, halafu mtengenezee mtoto." Dada akasoma kwa sauti bila kukwama. Akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akaijaza, akachana pakiti kwa meno, akamimina unga wote, akatikisa. Alifanya kwa kujiamini kabisa, na pakiti ile ilikuwa ya lita moja. Aliyemfuata akachagua chupa ya lita moja na nusu, kwa sababu kwake chupa kubwa ndiyo lita. Mwingine akakadiria unga kidogo kwenye kikombe cha chai na kuikunja pakiti aitumie kesho.

Mnaona uzito wake? Mwaka 2002 WHO ilipunguza chumvi na sukari kwenye ORS, osmolariti (kipimo cha ukolezi wa mchanganyiko) ikashuka hadi 245, kwa sababu mchanganyiko mwepesi ulionekana kuwafaa zaidi watoto. Ukimimina pakiti ya lita moja kwenye nusu lita umeizidisha mara mbili, na chumvi ikizidi mwilini mwa mtoto ni hatari. Ukiweka maji mengi kupita kiasi, anakunywa tu bila kurudishiwa chumvi alizopoteza. Na hao wote walikuwa wamesoma ukurasa wetu sahihi, uliopitishwa na daktari.

Tukauandika upya. Kwanza soma pakiti, maana zipo za lita moja na zipo za mililita 500. Ikiwa ni ya lita moja, jaza chupa mbili za nusu lita, mimina zote kwenye jagi safi, weka unga wote, koroga mpaka uyeyuke. Ikifika saa 24 mwaga kilichobaki, tengeneza nyingine. Tukaweka picha ya chupa zile zile zinazouzwa dukani. Ni maneno mengi kuliko mwanzo, lakini mikono ilifanya sawa.

Vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayehara navyo hivyo hivyo. Tuliandika siku 10 hadi 14, akina mama wakawa wanaacha kuhara kukikoma. Hatukuwa tumewaambia kwamba zile siku za mwisho zinapunguza uwezekano wa mtoto kuhara tena miezi miwili mitatu ijayo. Walipopewa sababu, walimaliza vidonge.

Msidhani ni shida ya vijijini kwetu tu. Oktoba 1995 Uingereza ilitangaza kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Ni kweli kabisa: kutoka mwanamke 1 hadi 2 katika kila 7,000. Namba hizo mbili hazikuwafikia watu, lilifika neno "maradufu". Wanawake wakaacha vidonge kwa hofu, na inakadiriwa mwaka uliofuata mimba 13,000 zaidi zilitolewa England na Wales. Tena mimba yenyewe inaleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo.

Kwa hiyo mkuu, usiulize "umeelewa?" Mpe msomaji kitu chenyewe, mwambie afanye, kisha funga mdomo. Usimsaidie hata ukiona anakosea. Andika alipoganda, rekebisha sentensi hiyo, mtafute mwingine ambaye hajauona ukurasa. Endelea hadi wafanye sawa bila wewe kuguna. Hakihitaji bajeti hicho: benchi la kliniki, pakiti, jagi na nauli. Wapo watakaosema nakuza mambo. Waje tukae wote kwenye hilo benchi.

PDF achana nayo, inakula bando na kwenye simu ndogo mtu anasogeza maandishi kushoto kulia mpaka anachoka. Dalili za hatari (damu kwenye choo, mtoto kulegea, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa) ziwe juu kabisa ya ukurasa pamoja na maneno "mpeleke kituo cha afya sasa hivi", zisizikwe chini baada ya historia ya ugonjwa.

Bandika hapa ule ukurasa wa kuhara kama ulivyo. Na kesho nenda nao kliniki, utuambie mama wa kwanza ameshika chupa gani.